MIR GHAUS BAKHSH BIZENJO: BABA WA MAZUNGUMZO



Katika matoleo ya ukumbusho tumezoea kuandika habari za watu wetu wenyewe. Safari hii Kamati imeonelea vema kuwaletea maisha ya mtu wa mbali, Mir Ghaus Bakhsh Bizenjo wa Balochistan, aliyefariki mwaka 1989. Sababu ni moja. Wengi wetu hapa kambini huulizana jioni kama kuna faida yoyote ya kuzungumza na mwenye bunduki. Mtu huyu alilijibu swali hilo kwa maisha yake yote, na jibu lake lilimgharimu sana.

NCHI YAKE

Balochistan ni nchi ya milima mikavu na jangwa. Leo imegawanyika katika mataifa matatu: Pakistan, Iran na Afghanistan. Wenyeji wake ni Wabaluchi. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanawajua kwa jina la Wabulushi, kwa kuwa askari wao waliwatumikia masultani wa Omani na Zanzibar, na vizazi vyao wapo Mombasa na Unguja hadi leo. Hata bandari ya Gwadar, iliyoko katika pwani ya Balochistan, ilikuwa mali ya Omani mpaka Pakistan ilipoinunua mwaka 1958.

Zamani Wabaluchi walikuwa na dola yao iliyoitwa Kalat. Ilianza mwaka 1666, na mtawala wake aliitwa Khan. Mwaka 1839 Waingereza waliuteka mji wa Kalat na kumuua Khan wa wakati huo, Mehrab Khan. Kwa mikataba ya mwaka 1854 na 1876, Kalat ikawa chini ya ulinzi wao. Wakachora na mipaka: mwaka 1871 upande wa Iran, mwaka 1893 upande wa Afghanistan. Ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta wako katika nchi mbalimbali bila mtu yeyote kuhama.

Waingereza hawakuhangaika kutawala kila kijiji. Waliwalipa machifu, ambao huko huitwa sardar, ili wawatulize watu wao. Tangu hapo chifu alianza kumtazama anayemlipa kuliko anaowaongoza. Hilo ni tatizo la kwanza alilolikuta Bizenjo.

KIJANA WA NAL

Bizenjo alizaliwa Desemba 1917 huko Nal, katika eneo la Jhalawan, kwenye familia ya wakubwa wa kabila la Bizenjo. Alisoma Quetta na Karachi, kisha akaenda chuo kikuu cha Aligarh nchini India, ambako alijulikana pia kama mchezaji hodari wa mpira wa miguu. Aliporudi alijiunga na chama cha kitaifa cha Kalat, kilichoanzishwa mwaka 1937. Chama hicho kilidai mambo mawili kwa pamoja: Waingereza waondoke, na machifu wapunguziwe nguvu juu ya raia. Kwa hiyo kilichukiwa na pande zote mbili, na mwaka 1939 kilipigwa marufuku. Kijana wa familia ya wakubwa alikuwa amechagua upande wa wachungaji na wakulima.

MWAKA 1947 NA 1948

Agosti 1947 Waingereza waliondoka, Pakistan ikazaliwa, na Kalat nayo ikajitangaza kuwa nchi huru. Khan aliunda mabaraza mawili, moja la wakubwa na moja la wawakilishi wa watu. Pakistan ilipoitaka Kalat ijiunge nayo, jambo hilo lilipelekwa mbele ya mabaraza hayo.

Desemba 1947 Bizenjo, akiwa na umri wa miaka 30, alisimama katika baraza la watu akapinga. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Alisema kuwa dini moja peke yake haitoshi kuwafanya watu kuwa nchi moja, maana kwa hesabu hiyo Iran na Afghanistan nazo zingepaswa kuingizwa Pakistan. Alisema Wabaluchi wako tayari kuwa marafiki na majirani wema, lakini kwa usawa. Mabaraza yote mawili yalikataa kujiunga.

Hata hivyo, mwezi Machi 1948 Pakistan iliyapokea maeneo ya Kharan, Las Bela na Makran, na Kalat ikabaki imezungukwa. Siku chache baadaye, tarehe 27 Machi, Khan alitia sahihi bila kuyarudia mabaraza. Mdogo wake, Abdul Karim, aliingia msituni, akakamatwa mwaka huohuo na kufungwa. Wabaluchi wengi huhesabu malalamiko yao tangu siku ile. Wanachokumbuka zaidi ni kwamba waliulizwa, wakajibu, na jibu lao halikuhesabiwa.

JELA BAADA YA JELA

Bizenjo hakuchukua bunduki. Alikubali kwamba Pakistan imekwisha kuwapo, akaamua kudai haki ndani yake. Lakini mwaka 1955 serikali iliunganisha majimbo yote ya magharibi kuwa jimbo moja, na Balochistan ikafutwa katika ramani. Wakati huohuo gesi iliyogunduliwa mwaka 1952 huko Sui, katika ardhi ya Wabaluchi, ilikuwa inapelekwa kwa bomba hadi Karachi. Quetta, mji mkubwa wa Balochistan, ulikaa mpaka miaka ya 1980 bila kuipata gesi hiyo.

Mwaka 1957 Bizenjo alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha National Awami, kilichowaunganisha watu wa makabila na majimbo mbalimbali. Mwaka uliofuata jeshi lilishika nchi. Khan alikamatwa, na mzee Nauroz Khan wa Zehri akapanda milimani na watu wake. Baadaye alishuka. Wabaluchi husimulia kwamba aliapiwa kwa Kurani kuwa hatadhuriwa. Mwaka 1960 jamaa zake walinyongwa, naye akafia kifungoni. Tangu hapo, kila aliyetaja mazungumzo mbele ya vijana wa Balochistan alikumbushwa habari za mzee yule. Bizenjo mwenyewe alikamatwa mara nyingi katika miaka hiyo, na kila alipotoka alirudi kwenye kazi ileile.

MIEZI TISA YA UONGOZI

Mwaka 1970 jimbo moja lilivunjwa, na Balochistan ikawa jimbo kwa mara ya kwanza. Katika uchaguzi wa Desemba mwaka huo chama cha Bizenjo kilishinda huko, naye akaingia Bunge la Taifa. Machi 1971, Pakistan ya Mashariki ilipokuwa karibu kuwaka moto, alikwenda Dhaka kujaribu kuwapatanisha Sheikh Mujib na watawala wa kijeshi. Hakufaulu. Vita vikazuka, na Bangladesh ikazaliwa.

Mwishoni mwa Aprili 1972 Rais Zulfikar Ali Bhutto alimteua Bizenjo kuwa gavana wa Balochistan, na Ataullah Mengal akawa waziri kiongozi. Serikali yao ilifanya jambo lililowashangaza wengi: ilikichagua Kiurdu kiwe lugha ya ofisi, ili isiwagawe wasemaji wa Kibaluchi, Kibrahui na Kipashto. Wakati huohuo ilitaka kazi za jimbo zishikwe na wenyeji.

Februari 1973 silaha zilikutwa katika ubalozi wa Iraq mjini Islamabad. Serikali ya Bhutto ilidai kwamba zilikuwa za waasi, ikamwondoa gavana na kuivunja serikali ya jimbo. Watu wakachukua silaha na kupanda milimani.

Hapo ndipo tunapoiona tabia ya Bizenjo. Alikuwa ameondolewa madarakani kwa tuhuma alizozikana, lakini miezi miwili tu baadaye aliiunga mkono katiba mpya ya Aprili 1973. Wenzake wengine wa Balochistan walikataa kuitia sahihi. Yeye aliona kwamba katiba yenye kasoro ni afadhali kuliko kukosa katiba, kwa kuwa yenye kasoro yaweza kurekebishwa. Mwezi Agosti alikamatwa. Alishtakiwa kwa uhaini huko Hyderabad pamoja na viongozi wenzake, na hakutoka mpaka Bhutto alipopinduliwa na jeshi mwaka 1977 na kesi ikafutwa.

Vita vilidumu hadi mwaka 1977. Helikopta za Iran zililisaidia jeshi la Pakistan. Maelfu ya Wabaluchi walikimbilia Afghanistan wakaishi kwenye kambi kama sisi, wengine kwa miaka mingi.

MWISHO WAKE

Mwaka 1979 alianzisha chama kingine, akiendelea kudai majimbo yapewe madaraka yao. Vijana wengi walimwona mzee aliyepitwa na wakati. Wengine walimwita msaliti kwa sababu ya ile sahihi. Wenye dola nao hawakuacha kumshuku kuwa mpinzani wa nchi. Watu wake walimpa jina la Baba wa Mazungumzo. Wapo waliolitamka kwa heshima, wapo waliolitamka kwa dhihaka. Alifariki tarehe 11 Agosti 1989, akazikwa Nal alikozaliwa.

Mwaka 2010 katiba ileile ya 1973 ilirekebishwa, na majimbo yakapewa mambo mengi aliyoyadai. Lakini kufikia wakati huo vita vilikuwa vimekwisha rudi Balochistan, na havijazimika.

Basi, ndugu wasomaji, je, alipoteza maisha yake bure? Kamati haiwezi kuwajibia. Tunaona tu kwamba mazungumzo hayakumwangusha Bizenjo. Kilichomwangusha ni ahadi zilizovunjwa baada ya mazungumzo. Ahadi ni deni, na deni lisilolipwa hurithiwa na watoto. Siku wakubwa watakapokaa mezani kwa ajili ya nchi yetu, tusiulize tu kama wamekubaliana. Tuulize nani atasimamia yaliyokubaliwa, na raia waliopo kambini watasikilizwa kwa njia gani.

Mungu awape subira wote walio mbali na kwao.

Kamati ya Jamii