John Bunyan, Mfungwa Aliyeandika Ndoto



Wengi kati yetu wamesikia hadisi ya Mkristo, yule aliyetoka katika mji wa Maangamizo na mzigo mgongoni, akaenda mpaka mji wa mbinguni. Wengine huuliza: Je, mtu huyo aliishi kweli? Na kama hakuishi, hadisi hiyo si uongo? Tuangalie maisha ya mwandishi wake.

John Bunyan alizaliwa mwaka wa 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na Bedford, inchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba sufuria, naye akashika kazi ile ile. Masomo yake yalikuwa kidogo. Katika ujana alikuwa askari wakati wa vita vya Bunge na Mfalme. Baadaye, kisha mahangaiko mengi ya roho, alimpata Bwana, akaanza kuhubiri.

Mwezi wa Novemba 1660 alikamatwa kwa kuhubiri nje ya kanisa la serikali. Kama angeahidi kunyamaza, angefunguliwa. Akakataa, akakaa gerezani miaka 12. Mke wake Elizabeth alikwenda mbele ya waamuzi kumwombea, bila kufaulu. Mtoto wake mmoja alikuwa kipofu. Mule gerezani alitengeneza kamba za viatu ili jamaa yake ipate chakula. Sisi watu wa Kongo twaelewa habari hiyo: nabii Simon Kimbangu naye alifungwa mwaka wa 1921, akafa kifungoni mwaka wa 1951.

Mwaka wa 1666 Bunyan alitoa kitabu cha maisha yake mwenyewe. Hicho ni ushuhuda. Mwaka wa 1678 kikatoka kitabu cha safari ya Mkristo. Hicho ni mfano, naye alikitangaza kuwa ndoto tangu mwanzo. Rafiki wengine walimshauri akichape, wengine walikataa. Alijitetea kwa kuonyesha kwamba manabii na Bwana Yesu walifundisha kwa mifano. Nathani naye alimpa Daudi hadisi ya mwana-kondoo, na Daudi akahukumiwa kwa kinywa chake.

Katika kitabu hicho Mwaminifu anauawa katika soko la Ubatili. Soko hilo haliko katika ramani. Liko katika mioyo. Lakini soko letu la Nyangwe, kando ya Lualaba, lilikuwako kweli. Watu waliouawa pale tarehe 15 Julai 1871, mbele ya macho ya Livingstone, walikuwa watu wa kweli, wengi wao wanawake. Habari yao tusiigeuze kuwa mfano, wala tusiongeze neno.

Wapendwa, kanisani mwetu watu husimama kueleza ndoto na maono. Bunyan atufundishe. Aliyeona aseme ameona. Aliyetunga aseme ametunga. Mfano si uongo. Uongo ni kuuvika mfano nguo ya ushuhuda.

Bunyan alikufa London tarehe 31 Agosti 1688, kisha kunyeshewa na mvua akirudi kupatanisha baba na mwana. Kitabu chake kimefasiriwa katika lugha 80 hivi za Afrika, Kiswahili ikiwamo.

Bwana atupe ulimi wa kweli. Amina.