Burkitt na Swali la Uvimbe wa Taya

Wanafunzi wa Biolojia hapa Wote hufundishwa jinsi seli zinavyokua na kugawanyika. Ni nadra kuulizwa ni nini huzikomesha. Maisha ya marehemu Denis Burkitt yanatufunza umuhimu wa swali hilo.

Burkitt alizaliwa mwaka wa 1911 huko Enniskillen, Ireland. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali, na baadaye ulemavu huo ukamnyima kazi ya udaktari katika Afrika Magharibi. Hakukata tamaa. Mwaka wa 1946 alifika Uganda akiwa daktari mpasuaji, kwanza Lira, kisha Mulago, Kampala.

Mwaka wa 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mwingine wa namna iyo hiyo. Wengine wangalisema ni sadfa. Yeye aliuliza watoto wa wapi huugua. Aliziandikia hospitali nyingi, na mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili wakasafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini. Ilidhihirika kwamba saratani hiyo hupatikana penye joto na mvua, ambapo malaria imeshamiri, wala si katika nyanda za juu zenye baridi.

Burkitt alifariki mwaka wa 1993. Wataalamu wengine wamechunguza yaliyomo ndani ya seli. Kichocheo cha ukuaji kigusapo utando wa seli, amri hupitishwa ndani kwa kubandika fosfati kwenye protini, na hutanguliwa kwa kuibandua. Mwalimu wa Kiswahili atakumbuka funga na fungua, tega na tegua. Katika saratani ya Burkitt, jeni iitwayo MYC huhamia kromosomu nyingine na kuamuru ukuaji pasipo kikomo. Kwa wagonjwa kadhaa, protini yake hata hupoteza mahali pa kubandikwa fosfati iliyo alama ya kuangamizwa kwake. Ni kama kitenzi kisicho na kinyume.

Hata hivyo, ugonjwa huu hutibika kwa dawa mtoto akifikishwa hospitalini mapema. Basi mwalimu amwonapo mwanafunzi aliyevimba taya, asikate shauri kwamba ni jino tu. Na aulize, kama alivyouliza Burkitt.