Pachacuti, Mwana wa Jua

Kwa mataifa makuu ya kale ya bara la Amerika, mbingu haikuwa paa tupu la dunia. Waazteki waliamini kwamba mungu wao Huitzilopochtli ndiye aliyewaongoza katika safari ndefu hadi kisiwa walikojenga Tenochtitlan. Wamaya nao walizifuata nyendo za Zuhura kwa hesabu ambazo wanafalaki huzistaajabia hata leo. Kwa Wainka, habari ya mtu kuongozwa na mbingu imefungamana hasa na maisha ya mfalme wao wa tisa, Pachacuti Inca Yupanqui.

Jina lake la ujanani lilikuwa Cusi Yupanqui. Alikuwa mwana wa Inca Viracocha, mtawala wa Cusco, mji ulio kwenye kimo cha takriban mita 3,400 katika milima ya Andes. Hakuwa mrithi. Baba alikuwa amemchagua mwanawe mwingine, Urco, na pengine historia ingemsahau kabisa Cusi lau Wachanka wasingalikuja. Hawa walikuwa majirani wenye nguvu kutoka upande wa Andahuaylas. Walipoukaribia Cusco, mfalme alikimbilia ngomeni pamoja na Urco. Cusi alibaki na wenzake wachache kuulinda mji uliotelekezwa na mwenyewe.

Hapa ndipo mbingu inapoingia. Yasemekana kwamba kijana huyo, akiwa karibu na chemchemi ya Susurpuquio, aliona kipande cha jiwe angavu kikianguka majini. Ndani yake palikuwa na umbo la mtu aliyevaa utepe wa kifalme kichwani, miale mitatu ikimtoka kisogoni na nyoka wamejiviringisha mikononi mwake. Cusi alitaka kutoroka, lakini umbo lile lilimwita kwa jina, likajitambulisha kuwa baba yake Jua, na kumwahidi kwamba angeyashinda mataifa mengi. Hivyo ndivyo alivyoandika padri Cristóbal de Molina yapata mwaka wa 1575. Juan de Betanzos, Mhispania aliyejifunza Kikechua na kuoa binti wa ukoo wa kifalme, alikwisha kuandika mwaka wa 1551 kwamba aliyemtokea kijana alikuwa Viracocha, Muumba. Naye Garcilaso de la Vega, katika kitabu chake cha mwaka wa 1609, anampokonya Pachacuti ushindi wenyewe na kumpa baba yake!

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangazwa na tofauti hizi. Wainka hawakuwa na maandishi kama haya yetu. Walihifadhi hesabu katika kamba za mafundo zilizoitwa kipu, na sifa za wafalme zikaimbwa na koo zao. Kila ukoo ulimsifu wake.

Vita vilipoiva, Wainka walisimulia, mawe ya kondeni yaligeuka askari na kupigana upande wa Cusi. Baadaye aliyakusanya mawe hayo, akayaita pururauca, nayo yakaabudiwa. Hata hivyo, jambo zito zaidi lilitukia baada ya ushindi. Kwa desturi, nyara zilitandazwa mbele ya mfalme ili azikanyage. Cusi alimpelekea baba yake, na mzee akataka Urco ndiye azikanyage. Cusi alikataa katakata, akarudi Cusco na nyara zake. Muda si muda alitwaa utawala, na Urco akauawa. Kijana akajiita Pachacuti, yaani mpindua ulimwengu.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo maono ya chemchemini yanapopata uzito wake. Mtu aliyempindua baba yake wa damu alihitaji baba mkuu zaidi. Sisemi kwamba Cusi alibuni habari ile. Huenda aliiamini kwa moyo wake wote. Lakini kila alichojenga baadaye kiliithibitisha. Alilijenga upya hekalu la Coricancha, yaani ua wa dhahabu, akaagiza sanamu ya Jua ya dhahabu yenye umbo la mtoto wa kiume. Radi aliifanya ndugu yake. Aliweka nguzo kwenye vilima vilivyouzunguka mji ili mahali pa kuchomoza na kutua kwa jua pawajulishe wakulima majira ya kupanda. Ibada, kwa hiyo, ilikuwa pia kalenda ya shamba, na aliyeimiliki kalenda alimiliki chakula.

Dini hiyo ilikuwa na gharama yake. Katika sherehe ya capacocha, ambayo Betanzos anaihusisha na Pachacuti, watoto walitolewa kafara. Mwaka wa 1999 watafiti walifukua miili ya watoto watatu karibu na kilele cha mlima Llullaillaco, zaidi ya mita 6,700 juu ya usawa wa bahari, waliotolewa na Wainka wa vizazi vilivyofuata.

Kwa muda mrefu wanahistoria walizoea kuuweka utawala wake kati ya 1438 na 1471. Utafiti wa mifupa ya Machu Picchu, jumba linalodhaniwa kuwa lake, uliochapishwa mwaka wa 2021, umeonyesha kwamba watu waliishi pale tangu yapata 1420; basi huenda alianza mapema zaidi. Alimwachia mwanawe Tupac Inca Yupanqui dola iliyokuwa ingali ikipanuka.

Kufa hakukumwondoa Cusco. Maiti yake ilikaushwa, ikavishwa, ikahudumiwa na ukoo wake kana kwamba angali hai. Mwaka wa 1559 afisa wa Kihispania, Polo de Ondegardo, aliikuta Tococachi pamoja na sanamu ya ile Radi aliyoiita ndugu. Maiti ilipelekwa Lima, ikawekwa katika hospitali ya San Andrés, na hadi leo waliochimba pale hawajaipata.