Mobutu na Leopards: shabiki namba moja aliyependa ushindi tu

ERINGETI – Katika historia ya mpira wa miguu wa Congo, hakuna shabiki aliyekuwa na nguvu kama Mobutu Sese Seko. Alifariki uhamishoni tarehe 7 Septemba 1997, lakini hadi leo mtu akitaja timu ya taifa ya 1974, jina lake linafuata. Kwa wazee wa Eringeti, Beni na Butembo, utawala wake una kumbukumbu mbili: redio iliyotangaza ushindi wa Leopards, na askari wasiolipwa waliokimbia wakipora miaka 22 baadaye. Mambo hayo mawili yana mzizi mmoja.

Kutoka Lisala hadi ikulu

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1930 huko Lisala, kando ya mto Congo. Baba yake alikuwa mpishi, na alifariki Mobutu akiwa bado mtoto. Kijana huyo alisoma shule za wamisionari, akaingizwa katika Force Publique, jeshi la Wabelgiji, na akafikia cheo cha sajini. Alipotoka jeshini katikati ya miaka ya 1950, alifanya kazi ya uandishi wa habari mjini Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Baada ya uhuru alirudi jeshini akiwa mkuu wa majeshi, na tarehe 24 Novemba 1965 akachukua madaraka kwa nguvu.

Mobutu aliona mapema kwamba mpira unaweza kuunganisha watu ambao siasa na vita vya Katanga na vya Simba vilikuwa vimewagawanya. Wakati huo Ghana ya Kwame Nkrumah ilikuwa bingwa wa Afrika, na timu yake ilitangaza jina la nchi hiyo kila mahali. Mobutu alitaka kitu kama hicho. Wachezaji wa Congo waliokuwa wakicheza Ubelgiji waliitwa warudi nyumbani. Timu ya taifa, iliyokuwa ikiitwa Simba, ikapewa jina la Chui, yaani Leopards, mnyama ambaye ngozi yake raisi aliivaa kichwani.

Timu ya raisi

Matunda hayakuchelewa. Mwaka wa 1967 Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe, ilichukua kombe la vilabu bingwa vya Afrika, ikarudia mwaka wa 1968. Januari 1968, huko Addis Ababa, Leopards waliifunga Ghana 1-0 katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa goli la Pierre Kalala. Mwaka wa 1973 AS Vita Club ya Kinshasa nayo ikawa bingwa wa Afrika.

Nchi ilikuwa imepewa jina la Zaire tangu Oktoba 1971. Desemba 1973 Leopards waliifunga Morocco 3-0 mjini Kinshasa na kupata tiketi ya Kombe la Dunia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya Afrika kusini ya Sahara. Machi 1974, huko Misri, walichukua tena Kombe la Afrika. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa, na Zaire ikashinda 2-0. Ndaye Mulamba alifunga magoli yote 4 ya Zaire katika mechi hizo mbili. Kwa jumla alifunga magoli 9 katika mashindano hayo, rekodi ambayo haijavunjwa.

Raisi aliwapokea wachezaji kama watoto wake. Walipewa nyumba na magari. Lakini zawadi hiyo ilikuwa na mipaka: wachezaji walieleza baadaye kwamba hawakuruhusiwa kwenda kucheza mpira wa kulipwa Ulaya. Walikuwa mali ya taifa, na taifa lilikuwa mtu mmoja.

Siku tisa za Ujerumani

Mashabiki wa Zaire walingoja Juni 1974 kwa hamu. Kocha alikuwa Blagoje Vidinić wa Yugoslavia, aliyekuwa ameipeleka Morocco kwenye Kombe la Dunia la 1970. Tarehe 14 Juni, mjini Dortmund, Leopards walishindwa 2-0 na Scotland. Hakukuwa na aibu. Walicheza bila woga, na mashabiki wengi walibaki na matumaini.

Kisha zikafika habari za pesa. Kwa maelezo ya wachezaji, malipo waliyoahidiwa hayakuwafikia: yalikuwa yamepotea mikononi mwa wakubwa waliosafiri na timu. Walitaka kugoma mechi ya pili, na mwishowe wakaingia uwanjani bila moyo.

Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, Yugoslavia ilifunga magoli 3 katika dakika 20 za kwanza. Kipa Kazadi Mwamba akatolewa, akaingia Tubilandu Ndimbi, na magoli yakaendelea. Ndaye alipewa kadi nyekundu kwa teke ambalo refa alipigwa na Mwepu Ilunga. Wakati wa mapumziko ilikuwa 6-0, na mwisho 9-0. Kwa kuwa kocha alitoka nchi ile iliyoshinda, uvumi ulienea kwamba aliuza mechi.

Kwa masimulizi ya wachezaji, watu wa raisi walifika hotelini na onyo: wakifungwa na Brazil magoli 4 au zaidi, wasifikiri kurudi nyumbani. Brazil, bingwa wa dunia, ilihitaji ushindi wa magoli 3 ili kuendelea. Tarehe 22 Juni ilishinda 3-0. Karibu na mwisho, Brazil ikiwa imepewa mpira wa adhabu, Mwepu alitoka kwenye ukuta akaupiga mpira mbali kabla Wabrazil hawajaugusa. Dunia ilicheka na kusema Mwafrika hajui sheria. Mwepu, aliyefariki mwaka wa 2015, alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vizuri. Alikuwa na hasira na wakubwa waliokula pesa zao.

Shabiki anahama

Timu iliporudi Kinshasa, hakukuwa na sherehe. Raisi alikuwa tayari ameelekea kwenye mchezo mwingine. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi mjini Kinshasa, na kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5. Pesa zilipatikana kwa wageni, miezi minne tu baada ya wachezaji wa nyumbani kunyimwa malipo yao. Mwaka wa 1976, katika Kombe la Afrika huko Ethiopia, mabingwa hao walitoka mapema katika makundi.

Wengi wa mashujaa wa 1974 walizeeka katika umaskini. Ndaye alipigwa risasi ya mguu na wezi mwaka wa 1994, akakimbilia Afrika Kusini, akaishi huko maisha ya mkimbizi hadi kifo chake mwaka wa 2019.

Deni lilelile

Yaliyowapata wachezaji yaliwapata pia walimu, wauguzi na askari. Mshahara ulitoka Kinshasa, ukapungua kwa kila mkubwa aliyeushika. Septemba 1991 askari waliochoka kungoja walipora Kinshasa na miji mingine. Januari 1993 walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5, wafanyabiashara wakaikataa, na uporaji ukarudi.

Oktoba 1996 vita vya AFDL vilianza Kivu, Mobutu akiwa Ulaya kwa matibabu ya kansa ya tezi. Askari wake hawakuwa na sababu ya kufa kwa ajili yake. Waliporudi nyuma mbele ya waasi, walipora Butembo na Beni. Eringeti iko zaidi ya kilometa 50 kaskazini ya mji wa Beni, kwenye barabara ya taifa namba 4 inayokwenda Komanda na Ituri. Tangu vita vile, barabara hiyo haijawa na amani ya kudumu.

Kinshasa ilianguka tarehe 17 Mei 1997. Mobutu alipitia Gbadolite na Togo, akafika Morocco, na akazikwa Rabat. Novemba 2025, katika mji huohuo wa Rabat, Leopards waliitoa Nigeria kwa penalti katika safari ya kutafuta Kombe la Dunia la 2026.

Kaburi la shabiki namba moja haliko mbali na uwanja ule. Alichowaachia viongozi wa mpira na wa jeshi ni somo moja: mchezaji na askari hawalishwi kwa sifa, na asiyelipwa siku ya mechi hatalinda lango siku ya hatari.