Katharina von Bora na Nyumba ya Nimbschen

Karibu na mji wa Grimma, katika nchi ya Sachsen huko Ujerumani, yapo magofu ya nyumba ya watawa iitwayo Nimbschen. Ndimo alimokulia Katharina von Bora, ambaye wengi wetu twamjua kuwa mke wa Dr. Martin Luther tu.

Alizaliwa mwaka 1499, katika ukoo wa heshima wenye mali haba. Mamaye akafa; babaye akampeleka kwa watawa wa Brehna, naye mtoto mdogo bado. Baadaye akahamishiwa Nimbschen, alikokuwako shangazi yake Magdalena. Tusiidharau nyumba ile. Humo alifundishwa kusoma na kuandika, na Kilatini kidogo, zamani ambapo wanawake wengi hawakujua hata herufi moja. Mwaka 1515 akaweka nadhiri.

Lakini maandiko ya Luther yakapenya kuta zile. Watawa kadha wa kadha wakawasihi jamaa zao wawarudishe nyumbani. Jamaa wakakataa, maana kumtorosha mtawa kuliweza kumpatia mtu adhabu ya kifo. Ndipo wakamwomba Luther. Naye akamtuma Leonhard Koppe wa Torgau, mfanyi biashara aliyezoea kuwaletea bidhaa. Usiku wa Pasaka, mwaka 1523, wanawake 12 wakatoka gizani, wakachukuliwa na gari lake. Husimuliwa ya kuwa walifichwa ndani ya mapipa ya samaki wa chumvi. Nadhani hiyo ni hadithi ya wapenda kuchekesha.

Watatu wakaenda kwa jamaa zao. Tisa wakafika Wittenberg, hawana fedha wala nyumba. Luther hakuificha habari hiyo, bali aliichapisha pamoja na majina yao. Mmoja wao, Magdalena von Staupitz, baadaye alifundisha wasichana pale pale Grimma. Katharina alikaa miaka miwili katika nyumba za watu, hata akaolewa na Luther tarehe 13 Juni 1525. Akazaa watoto sita, akalisha wanafunzi na wageni, akalima bustani, akafuga ng'ombe, akapika pombe ya shayiri. Shangazi yake naye akaja kukaa kwake.

Luther alikufa mwaka 1546, na vita vikamwondolea mjane mali nyingi. Mwaka 1552 tauni iliingia Wittenberg, akakimbilia Torgau pamoja na watoto. Njiani farasi wakashtuka, akaanguka katika maji ya baridi, asipone tena. Alifariki tarehe 20 Desemba, akazikwa Torgau, mji ule wa Koppe. Siku hizo Nimbschen haikuwa na watawa tena.