Ferruccio Lamborghini, muuza trekta aliyechoka kununua magari ya wengine

Jina Lamborghini linajulikana hata na watoto ambao hawajawahi kuliona gari lenyewe. Kwa vijana wengi wa Goma, Bukavu ama Bunia ni neno la kumaanisha mali, basi. Wachache wanajua kwamba kabla ya kuwa jina la gari lilikuwa jina la trekta, na kabla ya trekta lilikuwa jina la familia moja ya wakulima wa zabibu kaskazini mwa Italia.

Ferruccio Lamborghini alizaliwa tarehe 28 Aprili 1916 huko Renazzo, kijiji cha eneo la Cento, kwenye tambarare kubwa ya mto Po. Baba yake, Antonio, na mama yake, Evelina, waliishi kwa kulima. Kijana huyo hakuvutiwa sana na shamba, ila vyombo vya shambani vilimvutia: namna vinavyozunguka, vinavyoharibika na vinavyotengenezwa upya. Akasomea ufundi karibu na mji wa Bologna.

Kunako mwaka 1940 akaitwa jeshini, katika jeshi la anga la Italia, akatumwa kwenye kisiwa cha Rhodes. Huko hakurusha ndege. Kazi yake ilikuwa kutengeneza magari ya jeshi, na baadaye kusimamia mafundi wenzake. Kisiwani wakati wa vita piyesi mpya si kitu cha kutegemea, kwa hiyo fundi anazoea kufufua gari moja kwa viungo vya lingine. Waingereza walipochukua kisiwa mwishoni mwa vita, Ferruccio akawa mfungwa wao, na akarudi nyumbani mwaka 1946.

Akaoa, akafungua garaji ndogo. Mwaka 1947 mke wake, Clelia Monti, alifariki wakati wa kumzaa mtoto wao wa kiume, Tonino. Ferruccio alikuwa na miaka 31, akiwa na mtoto mchanga mkononi na garaji inayoanza.

Mwaka uliofuata alifanya jambo ambalo wengi wangeliita wazimu. Alichukua Fiat Topolino, kigari kidogo cha watu wa kawaida, akakibadilisha injini na bodi, akaingia nacho katika Mille Miglia, yale mashindano makubwa yaliyokimbiwa kwenye barabara za wazi za Italia kwa maili 1000. Alikwenda zaidi ya kilomita 1000, kisha akaacha barabara na kuugonga ukuta wa mkahawa huko Fiano, karibu na Turin. Tangu siku hiyo hakutaka tena kusikia habari za mashindano. Jambo hilo tulishike, kwa sababu litarudi.

Wakati huo Italia ilikuwa na njaa ya mashine za kilimo. Mashamba yalikuwepo, trekta hazikuwepo, lakini magari ya jeshi yaliyoachwa na vita yalikuwa yamejaa kila mahali. Ferruccio akaanza kuyanunua kwa bei ndogo na kuyageuza kuwa trekta. Trekta yake ya kwanza iliitwa Carioca na ilitumia injini ya Morris. Ujuzi wake ulikuwa katika kifaa kimoja cha kupeleka mafuta: injini iliwashwa kwa esansi, kisha ikishapata moto ikaendelea kwa mazutu, ambayo bei yake ilikuwa ndogo zaidi. Mkulima yeyote anaelewa faida ya jambo hilo bila kuelezwa mara mbili. Kampuni ya Lamborghini Trattori ilianzishwa mwaka 1948, na katika miaka ya 1950 ikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa trekta nchini Italia. Baadaye akaongeza kiwanda cha mashine za kupasha nyumba joto na za kupoza hewa. Fundi wa Renazzo akawa tajiri kweli kweli.

Tajiri huyo alifanya nini na pesa? Alinunua magari. Alikuwa na Alfa Romeo, Lancia, Maserati mbili, Jaguar E-Type, Mercedes 300 SL. Kunako 1958 alikwenda Maranello kununua Ferrari 250 GT, na baada ya hiyo akanunua nyingine.

Hapa ndipo maisha yake yanapotufundisha kitu juu ya mapenzi ya magari ya spoti, mapenzi ambayo watu wasio nayo huyaona kama upumbavu tu. Gari la namna hiyo halibebi mzigo, halibebi familia, linakunywa esansi kupita kiasi na linaogopa shimo dogo barabarani. Anayelinunua anajua yote hayo. Ananunua sauti ya injini anapokanyaga, mgongo unaosukumwa kwenye kiti, macho ya watu wanaogeuka. Ananunua pia kuhesabiwa kati ya wachache waliokubaliwa kuuziwa. Kwa mtoto wa mkulima aliyepanda kwa jasho lake mwenyewe, jambo hilo la mwisho si dogo. Akilipa, anategemea kupokelewa kama mtu.

Ferrari ilikuwa nzuri, lakini Ferruccio aliiona kuwa ni gari la mashindano lililovishwa nguo za mjini: kelele nyingi, ndani hakuna raha. Na ambreyaji yake, ile sehemu inayotenganisha injini na magurudumu wakati dereva anapobadilisha vitesi, iliharibika kila mara. Alilazimika kulirudisha gari Maranello. Mafundi walilichukua kwa masaa mengi, naye hawakumruhusu kutazama kazi. Hebu fikiria fundi mzima, mwenye viwanda, akisubirishwa nje ya mlango kama mteja asiyejua bolti ni nini.

Mwishowe akaagiza mafundi wake wa trekta wafungue gari hilo. Kwa maelezo yake, walikuta ambreyaji ya aina ile ile aliyokuwa akiifunga kwenye trekta zake, ila Ferrari iliiuza kwa bei ya juu mara nyingi. Alimpelekea Enzo Ferrari malalamiko, naye akamjibu kwa dharau kwamba mwendesha trekta hawezi kuelewa gari kama hilo. Hivyo ndivyo Ferruccio alivyosimulia mpaka uzeeni. Wapo wanaosema hadithi imeongezwa chumvi, kwamba mfanyabiashara huyo alikuwa amekwisha kupiga hesabu na kuona kuna faida kubwa katika magari ya matajiri. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, hakuna sababu ya kuchagua moja. Mtu anaweza kukasirika asubuhi na kupiga hesabu jioni.

Gari bila injini, injini bila gari

Mwaka 1963 alifungua kiwanda cha magari huko Sant'Agata Bolognese, mwendo mfupi kutoka Maranello. Viongozi wa mji huo walikuwa wakomunisti. Walimpa masharti mepesi ya fedha, nao wakataka wafanyakazi wawe ndani ya sendika. Alikubali.

Injini alimkabidhi Giotto Bizzarrini, mhandisi aliyewahi kufanya kazi Ferrari. Inasimuliwa kwamba mkataba ulimwahidi malipo ya ziada kwa kila nguvu ya farasi ambayo injini yake ingezidi ya Ferrari. Bizzarrini alileta injini ya silinda 12 yenye nguvu za kutisha, lakini ya mashindano. Ferruccio akaagiza ipunguzwe ukali: alitaka gari la mtu kusafiri nalo mbali bila kuumwa kichwa. Wakaachana.

Gari la kwanza lilioneshwa Turin mwaka huo huo. Tatizo ni kwamba injini haikuingia chini ya boneti. Wakaweka uzito mwingine ndani ili gari likae sawa, wakafunga boneti, na wakahakikisha haifunguliwi mbele ya wageni. Mwaka 1964 likaja gari lililokamilika, 350 GT, kazi ya vijana wawili wahandisi, Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani, pamoja na fundi na dereva wa majaribio kutoka New Zealand, Bob Wallace. Mpaka mwisho wa mwaka yalikuwa yametengenezwa 13 tu, na kila moja liliuzwa kwa hasara ili bei isipite ile ya Ferrari. Trekta ndizo zilizolipa.

350 GT lilikuwa gari alilolitamani Ferruccio mwenyewe: laini, imara, la heshima. Lakini vijana wake watatu walitaka kitu kingine. Baada ya masaa ya kazi walikaa usiku kuchora gari ambalo injini yake imelazwa kwa upana, nyuma ya mgongo wa dereva, kama katika magari ya mashindano. Bosi hakupenda mashindano, tulishaona sababu. Hata hivyo aliwaachia, akidhani litakuwa tangazo zuri na halitauzwa sana.

Mwishoni mwa 1965 walipeleka Turin mifupa tu ya gari hilo: chuma, magurudumu na injini, bila bodi. Watu wakaanza kuagiza papo hapo! Kitu kisicho na mlango, kisicho na kiti cha kumkalisha mke wako, na watu wanatoa ahadi ya pesa. Mwezi Machi 1966, huko Geneva, kikaja na bodi iliyochorwa na Marcello Gandini wa kampuni ya Bertone. Ferruccio, ambaye nyota yake ilikuwa ya Ng'ombe na alama ya kampuni yake fahali, akalipa jina la Miura, ukoo mashuhuri wa mafahali wa kupigana wa Hispania.

Miura lilikuwa na urefu wa kwenda juu wa mita moja na kidogo, na lilikimbia karibu kilomita 280 kwa saa. Ndani kulikuwa na joto na kelele. Kwa mwendo mkubwa, hasa esansi ikipungua kwenye tanki lililokaa mbele, pua ya gari ilianza kuinuka na usukani ukawa mwepesi mikononi. Kwa maneno mengine, lilikuwa na karibu yote ambayo Ferruccio aliyachukia kwenye Ferrari. Na ndilo lililomfanya ajulikane duniani. Frank Sinatra alinunua. Shah wa Iran alinunua la aina ya pekee, ambalo baada ya mapinduzi ya 1979 lilichukuliwa na watawala wapya. Miles Davis, mpiga tarumbeta, aliligonga la kwake New York mwaka 1972 na kuvunjika miguuni. Yalitengenezwa karibu 760 kwa jumla.

Mteja aliyeanzisha kampuni kwa ajili ya raha aligundua kwamba wateja wenzake hawakutafuta raha. Walitaka kuogopa kidogo.

Trekta zinaanguka, magari yanafuata

Miaka ya mwisho ya 1960 ilikuwa ya migomo viwandani kote Italia. Halafu, kunako 1971, biashara ya trekta ikapata pigo. Muagizaji wa Afrika Kusini alifuta oda zake zote. Nchini Bolivia jeshi lilichukua madaraka, na watawala wapya wakafuta oda kubwa ya trekta ambazo sehemu yake ilikuwa tayari kupakiwa bandarini Genoa. Wafanyakazi, wakiwa ndani ya sendika, hawangeweza kufukuzwa, na mishahara ilihitajika kila mwezi. Trekta zikauzwa kwa kampuni ya SAME, Italia hiyo hiyo. Bila trekta, nani angelipia magari?

Mwaka 1972 Ferruccio aliuza asilimia 51 ya kampuni ya magari kwa mfanyabiashara wa Uswisi, Georges-Henri Rossetti, kwa dola 600 000. Kisha ukaja mgogoro wa petroli wa 1973, na matajiri wengi wa Ulaya wakaona haya ama woga kununua gari la kumwaga esansi. Mwaka 1974 sehemu iliyobaki ikaenda kwa rafiki wa Rossetti, René Leimer. Ferruccio akaondoka katika kiwanda chenye jina lake, akiwa na miaka 58.

Wengi hudhani alimalizikia katika masikitiko. Haikuwa hivyo. Alikwenda kwenye shamba alilokuwa amelinunua kando ya ziwa Trasimeno, katika jimbo la Umbria, akalima zabibu kama wazazi wake. Divai yake aliiita Sangue di Miura, yaani damu ya Miura, na watu waliinunua kwa sehemu fulani kwa sababu ya jina hilo. Alifariki Perugia tarehe 20 Februari 1993, baada ya ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 76, akazikwa Renazzo.

Kampuni ya magari ilifilisika mwaka 1978. Waliokuja kuinunua ni ndugu wa familia ya Mimran, ambayo utajiri wake ulitoka kwa sehemu kubwa Afrika, katika sukari na unga wa Senegal. Wao wakaiuza kwa Chrysler ya Marekani mwaka 1987, na tangu 1998 iko mikononi mwa Audi ya Ujerumani. Trekta za Lamborghini bado zinatengenezwa, chini ya wamiliki wengine kabisa. Tonino, yule mtoto wa 1947, alimjengea baba yake jumba la makumbusho, ambamo Carioca ya zamani na Miura vinatazamwa chini ya paa moja.