Joseph Pilates, mfungwa aliyewasaidia wagonjwa kujinyoosha

Joseph Pilates alizaliwa mwaka 1883 mjini Mönchengladbach, Ujerumani. Utotoni aliteswa na pumu na udhaifu wa mifupa, lakini alijizoeza hata mwili wake ukapata nguvu.

Vita ya kwanza ya dunia ilimkuta Uingereza. Kwa kuwa alikuwa Mjerumani, alifungwa, na baadaye akapelekwa kambi ya Knockaloe katika kisiwa cha Man. Huko aliwafundisha wafungwa wenzake mazoezi. Inasimuliwa kwamba alifunga springi kwenye vitanda ili wagonjwa wanyooshe viungo wakiwa wamelala. Mwaka 1926 alihamia New York, na pamoja na Clara, mwenzi wake, akafungua nyumba ya mazoezi. Wacheza dansi walioumia walimwendea. Alifariki mwaka 1967.

Alifundisha kupumua vizuri na kujongea taratibu, kwa utulivu. Leo mazoezi yake mepesi huwasaidia hata wenye bega lililokakamaa. Ugonjwa huo huwapata hasa watu wa miaka 40 hadi 60, zaidi wanawake na wenye kisukari, na kupona kwaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Mgonjwa amwone muganga kwanza. Kisha asogeze mkono kidogo kidogo kila siku, bila kuulazimisha. Kuvutwa kwa nguvu huongeza maumivu.

Wapendwa, mama asiyeinua mikono wakati wa sifa tusimhesabu kuwa hana imani. Huenda bega lake limefungwa. Tumbebee ndoo ya maji, tumwombee, tumngojee. Mungu huponya pia polepole.